Kabla ya barua ya onyo: mwongozo wa kutunza afya ya akili ya wafanyakazi kwenye sehemu ndogo ya kazi

Kijana wa kaunta alipata shoti mara 3 ndani ya wiki 2. Shilingi 8,000, halafu 15,000, halafu 22,000. Kabla ya hapo hesabu zake zilikuwa zikifunga mpaka sarafu, mwaka nenda mwaka rudi. Nikafanya walichofanya wasimamizi wangu walionitangulia: nikamwandikia barua ya onyo, nikamkata kwenye mshahara, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikamtaja kwenye kundi la WhatsApp ili wengine wajifunze. Akaacha kazi mwezi uliofuata. Baadaye ndipo mwenzake aliponieleza kwamba mama yake alikuwa amelazwa, kwamba alikopa kwenye simu sehemu 4 kulipia matibabu, na kwamba wakopeshaji walikuwa wanampigia usiku kucha. Alikuwa anahesabu pesa zetu akiwa hajalala.

Faili lake ninalo bado. Lina barua 3 nilizomwandikia mimi. Swali sikumwuliza hata moja.

Haya ninayoyaandika ni kwa msimamizi wa aina yangu: bekari, duka kubwa, gereji, hoteli ndogo, shule binafsi. Watu 10 hadi 60, hakuna ofisa utumishi wala mwanasaikolojia, na bosi mwenye mali anapita mara moja kwa wiki. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Hatua ya 1: Kagua kazi kabla hujamkagua mtu

Ukisikia "afya ya akili kazini" haraka utafikiria kuleta mtoa mada, kuchapisha fulana na kula keki. Acha kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa afya ya akili kazini, Septemba 2022, liliweka mbele mazingira ya kazi yenyewe: mzigo, saa, namna watu wanavyosimamiwa. Na ule uchovu wa kuchoshwa na kazi mpaka mtu haoni maana yake, shirika hilo hilo haliuhesabu kuwa ugonjwa. Linasema unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa hiyo chukua vitu vitatu ukae navyo jioni moja: rosta, daftari la mishahara na simu yako.

Kwenye rosta, hesabu saa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, na zilipwe mara moja na nusu. Mtu akifanya kazi saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwepo saa 12. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Kwetu fundi wa oveni alikuwa anafunga saa 4 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, kwa sababu ndiye anayeaminika na funguo. Saa 7. Toa daladala ya kwenda Mbagala na kurudi, toa kuoga na kula, uone kilichobaki cha kulala. Tulikuwa tunamsifia kwa kujituma.

Kwenye daftari la mishahara, angalia tarehe. Mshahara ukichelewa siku 5, mwenye nyumba hachelewi, na ada ya mtoto haichelewi. Kama fedha haitakuwepo, sema mapema na utaje tarehe ya kweli, hata kama ni mbaya. "Subirini kidogo" inawaumiza watu kuliko "tarehe 9". Mwenye tarehe anaweza kwenda kuongea na wanaomdai. Mwenye "subiri kidogo" anakaa na roho juu.

Angalia pia makato. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira hakikuruhusu kumkata mtu shoti kwa hasira kama nilivyofanya. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mtu anayejua kwamba mshahara wake unaweza kuliwa siku yoyote na mtu mwenye kalamu hafanyi kazi kwa utulivu, hata ukimletea watoa mada 10.

Simu ni fupi. Soma ujumbe uliotuma kwenye kundi la kazi mwezi uliopita. Ngapi ni baada ya saa 2 usiku? Ngapi zingeweza kusubiri asubuhi? Sisi tulikubaliana hivi: cha dharura anapigiwa anayehusika, kisicho cha dharura kinasubiri. Na hakuna mtu anayegombezwa kwenye kundi.

Hatua ya 2: Mlinganishe mtu na alivyokuwa

Wewe si daktari, kwa hiyo usijipe kazi ya kusema fulani ana sonona au fulani ana wasiwasi uliopitiliza. Kazi yako ni kugundua kwamba mtu amebadilika. Usimlinganishe na mwenzake, maana wapo waliozaliwa wakimya. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi 3 iliyopita. Aliyekuwa anafungua utani asubuhi sasa anaingia kimyakimya. Aliyekuwa anakula na wenzake anasingizia amefunga. Hesabu za mtu makini zinaanza kuyumba. Mpole anamjibu mteja ovyo. Siku moja au mbili ni uchovu wa kawaida. Zikifika wiki 2 mfululizo, usisubiri.

Sikiliza pia mwili. Huku kwetu ni wachache watakaokwambia "nina tatizo la afya ya akili". Watasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu. Mtu anakwenda zahanati mara 3 kwa mwezi, anapimwa malaria, anapimwa taifodi, hakionekani kitu, na sisi tunasema ni mvivu anatafuta ED, ruhusa ya daktari ya kutokuja kazini. Au atasema tu "nawaza sana". Neno hilo lishike. Watu wa kabila la Washona huko Zimbabwe wana lao, kufungisisa, maana yake hiyo hiyo, na daktari wa akili Dixon Chibanda alianzia hapo. Kuanzia mwaka 2006 huko Harare alifundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kupanga tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale mabibi hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo na utaratibu, na hawakuwa na haraka.

Jambo jingine, nalo halina mjadala: pigeni marufuku utani wa Milembe. Mirembe ni hospitali, ipo Dodoma tangu mwaka 1927, na watu wanapona pale. Kazini kwenu ikiwa kila anayekasirika anaambiwa "huyu apelekwe Milembe", usitegemee kwamba siku mtu akizidiwa atakuja kukwambia wewe.

Hatua ya 3: Mazungumzo

Hapa usiharakishe.

Chagua mahali. Si ofisini kwako, wewe nyuma ya meza na yeye kwenye kiti cha kutolea maelezo. Kile kiti kinajulikana. Tafuta benchi la nyuma, au mtembee kidogo, au chai kwa mama ntilie saa ambayo hakuna watu. Kama wewe ni mwanaume na yeye ni binti, kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usimwite siku ya mshahara wala mbele ya wenzake, na usimtumie mtu akamwite, maana atakuja amejiandaa kujitetea.

Kama anayemwumiza ni wewe, au kuna dalili hiyo, mwachie mwingine anayemheshimu. Nimejifunza hilo kwa aibu.

Umri nao una nafasi yake. Msimamizi wa miaka 28 hawezi kumwita mtunza stoo wa miaka 55 na kumwambia "kaa hapa tuongee". Mfuate stoo kwake. "Shikamoo mzee. Nyumbani hawajambo? Nilikuwa naomba dakika zako chache, ukipata nafasi." Halafu subiri akukaribishe. Kwa wazee nimeona inafaa zaidi kuanza na kazi, nyumbani baadaye: "Mzee, naona siku hizi mizigo ya juu unaipanga peke yako. Inakuchosha?" Akitaka kwenda mbali zaidi, mlango ameuona.

Kwa rika lako au aliye chini yako, sema ulichokiona, usiseme ulichokihisi juu yake. "Umekuwa mvivu" ni hukumu. Sema hivi:

"Wiki hizi mbili sikuoni kama nilivyokuzoea. Chakula cha mchana unaacha, na juzi ulimjibu mteja kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwako. Sijakuita kwa kosa. Nataka tu kujua unaendeleaje."

Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usiangalie simu. Atakujibu, "Kawaida tu bosi, niko poa." Wote husema hivyo, usimbane. Mjibu, "Haya, sawa. Nitakuuliza tena Alhamisi." Alhamisi ikifika, muulize. Wengi waliowahi kufunguka kwangu walifunguka safari ya pili, walipoona ya kwanza haikuwa geresha.

Akianza kusema, kuna maneno yanayofunga mdomo wake hapo hapo. "Piga moyo konde." "Mbona wenzako wana shida kubwa kuliko hizo?" "Mwanaume hutakiwi kuwa hivyo." Na "mwachie Mungu" pia, kama umelitumia ili mazungumzo yaishe. Yeye mwenyewe akimtaja Mungu, mfuate huko, ni nguvu yake hiyo. Lakini usimkabidhi kwa Mungu ili wewe urudi dukani. Usianze pia kusimulia na wewe ulivyopata shida mwaka fulani. Dakika 5 baadaye atakuwa anakupa pole yeye.

Usimuahidi fedha. Usimuahidi siri isiyo na mipaka. Mwambie mapema: "Haya ni yako, simwambii mtu. Isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kwanza." Ukisema hivyo utaaminika zaidi kuliko ukiapa.

Malizia na swali moja linalohusu kazi, kwa sababu hapo ndipo una uwezo: "Kitu gani kikibadilika hapa kazini wiki hii, kitakupunguzia?" Majibu huwa madogo kuliko unavyohofia. Kubadilishiwa shifti ili ampeleke mtoto kliniki. Kutokuwa kaunta peke yake mwisho wa mwezi. Kuruhusiwa kupokea simu ya hospitali. Fanya kimoja ndani ya siku 3, hata kama ni kidogo, halafu andika tarehe mtakayozungumza tena. Kwenye daftari andika tarehe na mlichokubaliana tu. Aliyokusimulia usiyaandike, daftari lina miguu.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu madeni

Miongozo mingi ya nje haina kipengele hiki, na mimi naona ndicho chenye uzito kuliko vingi. Nusu ya wale niliokaa nao walikuwa wamebanwa na kausha damu. Mkopeshaji anashika kadi ya benki ya mtu na namba ya siri, mshahara unaingia asubuhi, mchana haupo. Au ni programu za kwenye simu, ambazo zikichelewa kulipwa zinatuma ujumbe wa aibu kwa kila jina lililomo kwenye simu ya mkopaji, akiwemo mkwe na mteja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Ujumbe wa namna hiyo ukifika kwa wafanyakazi wenzake, ufutwe, usisambazwe, na anayecheka aitwe pembeni.

Kaa naye na karatasi moja. Kila deni: nani, kiasi gani, lini, amelipa ngapi. Wengi hawajawahi kuyaona yote yakiwa mahali pamoja, na kuyaona tu kunashusha pumzi. Kisha mkubaliane asikope pengine ili kulipa hapa. Kadi ya benki iliyoshikwa, aende benki akaifunge na kuchukua mpya. Mkopeshaji asiye na leseni alalamikiwe Benki Kuu. Kampuni ikiweza kumpa mshahara wa mbele, iwe kwa maandishi, na makato yake ayakubali yeye mwenyewe na yamwachie nauli na chakula.

Na chunguza ndani. Kuna sehemu za kazi ambako mkopeshaji wa riba ni mhasibu wenu, au msimamizi wa shifti. Mtu anayempangia mwenzake rosta huku anamdai riba ana kamba mbili shingoni mwake. Hilo likomeshe bila kikao kirefu.

Hatua ya 5: Ruhusa, cheti na hospitali

Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kwa hiyo likizo ya ugonjwa inauhusu. Sheria inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unachohitaji kwake ni cheti cha daktari anayetambulika. Huna haja ya kujua jina la ugonjwa, na akikuletea cheti usikiache juu ya meza.

Msiba una siku zake, angalau 4 zenye malipo, kwa kufiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo ni jumla ya mzunguko mzima wa likizo, hazianzi upya kila anapofiwa. Basi pima mwenyewe: msiba ukiwa Bukoba na mtu yuko Dar es Salaam, siku 2 zinaishia njiani. Sheria inasema angalau, haisemi zisizidi. Mpe siku bila malipo au za likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28. Akirudi, usimtegemee awe mzima kwa sababu amevaa sare. Siku ya arobaini iweke kwenye kalenda yako.

Pa kumpeleka: anza na hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe. Piga simu au nenda wewe kwanza ujue siku za kliniki na gharama, ili umpe maelekezo kamili badala ya "nenda hospitali". Kama anataka, mtu anayemwamini amsindikize mara ya kwanza. Wengine watapita kwanza kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Usiwadhihaki, utawapoteza. Omba tu hospitali iwe pamoja na hayo, na dawa alizopewa na daktari asiziache mwenyewe kwa sababu amejisikia nafuu.

Hatua ya 6: Akisema amechoka kuishi

Mtu akisema bora asingekuwepo, akianza kugawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, usichukulie ni maneno ya hasira. Muulize waziwazi kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza wanapata pa kulitua.

Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja, hata chooni mtu asubiri mlangoni. Ondoeni karibu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mpigie ndugu ambaye yeye mwenyewe amemtaja, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kitengo cha dharura, mkiwa watu 2. Usimkemee kwamba ni dhambi, usibishane naye kuhusu watoto atakaowaacha. Watu huogopa kusema kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Basi mwambie kwamba unampeleka kwa daktari, na umpeleke kwa daktari. Walioshuhudia kazini wakusanye kesho yake, uwaambie machache, uwaulize na wao wanaendeleaje.

Hatua ya 7: Akirudi

Kabla hajarudi muulize anataka wenzake waambiwe nini, na waambiwe hicho hicho: "Alikuwa anaumwa, sasa amerudi." Wiki 2 za mwanzo punguza saa, na kama dawa zinamletea usingizi asikae kwenye mashine, kwenye oveni wala shifti ya usiku. Mpe kazi yake ya kweli. Ukimpa kazi ya kufagia kwa huruma, umemwambia mengi bila kufungua mdomo.

Bosi akitaka aondolewe, mkumbushe kwamba kanuni za mwaka 2007 zinazofuatana na sheria ya ajira zinamtaka mwajiri kwanza achunguze ukubwa wa ugonjwa na uwezekano wa kumbadilishia kazi. Asipofanya hivyo, watakutana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona hoja hii inawafikia wenye mali haraka kuliko hoja ya utu.

Hatua ya 8: Wewe mwenyewe

Ukiwasikiliza watu hivi, utabeba. Mimi nina mwenzangu anayesimamia duka jingine, tunakunywa chai Jumamosi moja baada ya nyingine, hatutaji majina ya watu wetu, tunaulizana yale yale tunayowauliza wao. Mwezi huu aliniambia chapati yangu imebaki mara ya pili, na kwamba simu yake naipokea saa 8 usiku kama mtu aliye macho. Akataka kujua naendeleaje. Nikamwambia kawaida tu, niko poa.

Alikoroga chai yake taratibu. "Haya, sawa," akasema. "Nitakuuliza tena Alhamisi."